Siku Mheshimiwa Alipopewa Kiti Msibani

Wenzangu watendaji wa vijiji,

Siku mliyoniaga nilipostaafu, mkiwa bado na soda mkononi, mmoja wenu aliniuliza kama viongozi wa siku hizi bado wanatawala kidikteta au mambo hayo yalikwisha zamani. Nikacheka, nikasema nitaandika. Mlidhani nakwepa. Kweli nilikuwa nakwepa, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa viti viwili kutoka kwangu na bado hajanikabidhi godoro langu la zawadi.

Sasa godoro ninalo. Naandika.

Nimesoma mpaka kidato cha nne, na hicho cha nne nilikipita kwa shida, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nimekuwa mtendaji katika vijiji vitano, kuanzia Nyanungu na Kemambo upande wa Tarime mpaka Machochwe upande wa Serengeti. Jambo ninalotaka kuwaeleza lilitokea katika kijiji cha mwisho, nilikojenga. Sitasema ni wilaya ipi wala mkubwa huyo alikuwa na cheo gani. Waliokuwepo wanajua.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokelewa na Mzee Matiko, mtendaji aliyekuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Alinikabidhi vitu vitatu vilivyofungwa kwenye kitambaa.

“Mura, kijana wangu, shika hivi. Wino, daftari la muhtasari, na mhuri. Wino ukiisha utaagiza. Daftari likipotea tutaandika jingine. Mhuri ukipotea, hama wilaya.”

“Na nikigonga vibaya, tata?” nikauliza, kama tunavyomwita baba.

“Kugonga vibaya si kosa. Kosa ni kugonga karatasi ambayo hujaisoma.”

Mkutano wangu wa kwanza nilizunguka na kipaza sauti asubuhi nzima. Wakaja watu saba, wawili kati yao wakisubiri mashine ya kusaga ifunguliwe. Mzee Matiko hakunicheka. Wiki iliyofuata alituma neno kwamba kuna mtamba aliyepotea ameonekana jirani na ofisi. Kabla ya saa mbili kijiji kizima kilikuwa kimesimama uani, kila mmoja na fimbo.

“Mtamba yuko wapi?” wakauliza.

“Mwenyewe ameshamchukua,” akasema Mzee Matiko. “Ila kwa kuwa mmefika, ajenda ya kwanza.”

Alinifundisha pia kuandika muhtasari, na hapo nilimwangusha. Yeye aliandika kilichotakiwa kusemwa. Mimi niliandika kilichosemwa. Muhtasari wangu mmoja ulirudishwa kutoka juu ukiwa na duara jekundu kwenye sentensi hii: “Mjumbe mmoja alisema mgeni aharakishe, ana ng’ombe machungani.” Pembeni waliandika: “Badili. Weka: wananchi walipongeza.”

Nimepokea wakubwa wengi. Wa zamani alikuja na Landrover moja, akafoka, akaondoka, na vumbi likatua. Wa siku hizi anakuja na magari tisa, anasema yeye ni mtumishi wetu, na mtumishi huyo ana mtu wa kumfungulia mlango, mtu wa kumshikia simu, na mtu wa kumpiga picha anaponyenyekea. Mmoja hakupenda kukutana na ng’ombe barabarani, tukaagizwa siku ya ziara kijiji kisiwe na ng’ombe hata mmoja. Hebu nenda kamwambie Mkurya hivyo. Tulibembeleza kaya moja moja mpaka mifugo yote ikashushwa bondeni. Mheshimiwa huyo alipopanda jukwaani akatazama huku na huku, akasikitika, akatuhimiza tuanze kufuga.

Baadaye amri zilihamia kwenye simu. Mnalijua kundi letu. Mkubwa anaandika “nipate taarifa kabla ya saa sita, bila kukosa,” na sisi wote tunajibu “nimepokea, mkuu.” Kuna siku mkubwa mmoja alikosea akatuma picha ya chakula chake cha mchana, ugali na sato. Watendaji wote tukajibu, mmoja baada ya mwingine: nimepokea, mkuu. Na mimi nilikuwemo. Hapo ndipo swali lenu linapokuwa gumu, kwa sababu hakuna aliyetuamuru kupokea ugali wake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mke wangu, Bhoke, aliugua figo. Hospitali ya huku wakasema tumpeleke Mwanza, nami nikaandika barua kuomba ruhusa. Siku ya tatu akaja nyumbani Wambura, mtendaji wa kata, bosi wangu. Mkono mmoja alishika ruhusa yangu ambayo haijasainiwa. Mkono wa pili alishika taarifa ya mradi wa maji wa kijiji chetu. Taarifa ilisema mradi umekamilika na maji yanatoka vituo vyote. Ukweli ni kwamba kituo kimoja kilitoa maji wiki moja, tena ya rangi ya chai, kisha kikaanza kutoa upepo.

“Mzee Marwa, mimi natumwa tu,” Wambura akasema. “Mkubwa anataka taarifa leo. Nikimpelekea pengo, hii ruhusa yako ataichana mbele yangu.”

“Wambura, maji hayatoki.”

“Najua. Si nakunywa chai ya maji ya mto hapa kwako?”

“Basi?”

“Basi gonga, umpeleke mama.”

Bhoke alikuwa chumba cha pili, anasikia. Niliisoma taarifa yote, neno kwa neno, kisha nikagonga. Kwa hiyo mbele ya Mzee Matiko sina hata utetezi wa kutosoma.

Tulikaa Mwanza wiki tano. Nilimlisha, nilimgeuza, nilimsomea ujumbe wa wajukuu kwenye simu. Wiki hizo tano nilizipata kwa uongo ule, na siwezi kuwaambia kwamba nilitamani kuzirudisha. Kisha Bhoke akafariki, nikamleta nyumbani. Wazee wakapanga azikwe Alhamisi.

Jumanne ya wiki hiyo likaja tangazo kwenye kundi: Mheshimiwa, mkubwa yule yule wa taarifa ya maji, atatembelea kijiji chetu Alhamisi kukagua mradi wa maji na kuhutubia. Wenzangu wakajibu nimepokea, mkuu. Nikampigia Wambura.

“Pole sana, ndugu yangu,” akasema. “Pole sana. Lakini hebu angalia kama msiba unaweza kusogea kidogo.”

“Msiba hausogei, bosi.”

“Hata masaa?”

Alikata simu mwenyewe, kwa aibu nadhani, maana Wambura si mtu mbaya. Ni mtu aliyebanwa.

Wageni wa huku labda hawajui: kwetu mtu akifa, jembe halishikwi wala mkutano haukaliwi mpaka azikwe. Na turubai la kijiji, viti na spika haviombwi kwa barua. Vinahamia kwenye msiba hata kama vilikuwa kwenye harusi. Jumatano watu wa kata walikuwa wamesimamisha turubai hilo kwenye uwanja wa shule kwa ajili ya Mheshimiwa, na kumwekea kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma. Alhamisi asubuhi Mwita, mwenyekiti wa kitongoji chetu, akaenda na wanaume sita, wakang’oa kila kitu wakaleta kwangu. Mama mkwe wangu akakalishwa kwenye kochi la Mheshimiwa. Mimi, kwa heshima ya mkwe, sikuweza hata kutazama upande huo, lakini niliambiwa alilisifu.

Saa tano magari yakafika uwanja wa shule, yakakuta mashimo ya nguzo. Wakasikia spika upande wa kwangu, katekista akiongoza wimbo. Wakaufuata.

Kwetu mgeni akiingia msibani, akina mama humwendea njiani kwa kilio. Wakayaendea magari. Ukiwa ndani ya gari lenye vioo vyeusi na kiyoyozi, nadhani mama anayelia mikono juu hana tofauti na mama anayeshangilia. Mheshimiwa akashuka akitabasamu, akipunga mikono yote miwili. Akamfikia katekista, akachukua kipaza sauti.

“Wananchi, oyee!”

Hakuna aliyeitika. Mpiga picha wake alikuwa ameshainua simu, anarusha moja kwa moja mtandaoni.

“Nasema, oyee!”

Dada yangu mkubwa, Ghati, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza. Akasema, “Wewe, punguza sauti. Kuna mtu amelala.”

Wambura akakimbia kumnong’oneza. Mheshimiwa akavua kofia taratibu, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyepanga hivyo tangu jana.

“Ndugu zangu, nimeona niache shughuli zangu zote nije kuungana nanyi katika msiba huu mzito. Marehemu…” Akamtazama Wambura. “Marehemu mama yetu alikuwa mpenda maendeleo. Angetaka niwaambie kuhusu maji. Leo hii wapishi wetu hapa wanapikia maji ya bomba!”

“Bomba lipi?” Ghati akauliza.

“La kijiji, mama.”

“Tumemwosha wifi yangu kwa maji ya mto. Madumu yale pale. Nenda kayanuse.”

Kicheko kilipita msibani, kifupi, kikajificha. Mheshimiwa hakukipenda. Akaomba faili lake, akatoa karatasi.

“Hapa nina taarifa, na ina mhuri. Mtendaji wa kijiji hiki ni nani?”

Nikasimama. “Ni mimi, Mheshimiwa.”

“Mbona umekaa na wafiwa?”

“Marehemu ni mke wangu.”

Nilidhani ataishia hapo. Naye nafikiri alitaka kuishia hapo. Lakini simu ilikuwa inarusha, na mtu aliyezoea kutazamwa akiwa mkali hawezi kuonekana amekosea njia, amekosea nyumba, na sasa amekosea mtu.

“Pole. Hii umegonga wewe?”

“Nimegonga mimi.”

“Maji yanatoka?”

“Hayatoki.”

“Kwa hiyo ulinidanganya.”

“Nilidanganya.”

“Nani alikutuma?”

Wambura alikuwa anatazama viatu vyake. Ningeweza kumtaja, na ningekuwa sijasema uongo. Lakini niliyegonga ni mimi.

“Mkono ulikuwa wangu,” nikasema.

“Askari! Mchukue, akae ndani saa arobaini na nane. Iwe fundisho kwa watendaji wote!”

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Wazee walikuwa wameshaniambia nitaweka udongo wa kwanza. Nikiondoka, ama Bhoke azikwe mimi sipo, ama akae kwenye joto lile siku mbili. Sajenti aliyeambiwa anichukue alikuwa mtu wa Singida, mgeni huku. Alitazama jeneza, akanitazama, akarekebisha mkanda wake, lakini hakusogea.

Mwita akasimama, kofia mkononi.

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

Mwita ana wajukuu. Mheshimiwa angeweza kuwa mwanawe wa tatu. Aliitikia marahaba bila kusita.

“Hatukatai amri,” Mwita akasema. “Mtendaji atakuja. Ila kwetu mtu akishakanyaga msibani haondoki mpaka udongo uingie. Na si yeye tu. Hata wewe umekanyaga.”

“Mzee, mimi nina vijiji vitatu leo.”

“Tunajua. Karibu kiti.”

Kiti cha plastiki kikaletwa. Mheshimiwa akageuka kutazama magari yake. Mabibi wa kijiji walikuwa wameshahamisha mikeka yao, wamekaa mbele ya gari la kwanza na nyuma ya gari la mwisho, miguu wameinyoosha. Hakuna aliyeshika jiwe. Hakuna aliyepaza sauti. Mmoja alikuwa anachambua majani ya maboga. Na madereva, ambao kwenye ziara hakuna aliyewahi kuwapikia, walikuwa wameshapewa sahani za nyama.

“Waondoeni hawa,” Mheshimiwa akamwambia Sajenti.

“Mheshimiwa,” Sajenti akasema kwa upole, “tutaanza na bibi yupi?”

Akakaa.

Kutoka saa tano na nusu mpaka saa tisa alikaa. Katekista alichukua kipaza sauti chake na hakukirudisha tena. Mheshimiwa akasikiliza historia ya marehemu, ambayo kwetu huanzia kwa babu wa babu na hairuki mtu. Akasikiliza wakwe wakitambulishwa, ukoo kwa ukoo. Jua likasogea, kivuli cha turubai kikamwacha, na hakuna aliyemwambia asogeze kiti. Mimi niliona. Nakiri kwamba niliona na nikanyamaza. Simu ya mpiga picha ilizima chaji wakati wa wakwe wa Kemambo.

Niliweka udongo wa kwanza. Sina la kuandika kuhusu hapo.

Zamu ya Mheshimiwa ilipofika alipanga foleni nyuma ya wajukuu, akachota udongo kwa mkono, akauweka kwa adabu, akasimama kidogo ameinamisha kichwa. Nadhani alikuwa na huruma kweli wakati ule. Hakukuwa na simu ya kumrusha akiwa nayo.

Mabibi wakaondoa mikeka yao. Nikanawa mikono, nikaenda mwenyewe kwenye gari la polisi, nikapanda. Mheshimiwa alinitazama dirishani. Midomo yake ilifunguka. Lakini amri ilikuwa imetoka hadharani, na amri ikishatoka hadharani hata aliyeitoa anaiogopa. Akaufunga mdomo, akaingia garini.

Kituoni Sajenti alifungua daftari la mahabusu, akaandika jina langu, akafika kwenye kosa. Akauma kalamu.

“Mzee wangu, niandike nini?”

“Andika kwamba nilisaini taarifa ya uongo.”

“Hiyo haiandikiki, mzee. Tukianza kukamata watu kwa taarifa za uongo, kituo hiki hakitatosha. Na mimi ninayeandika daftari nitakuwa ndani.”

Akaacha mstari mtupu. Mpaka leo sijui nilifungwa kwa kosa gani. Akanipa blanketi lake, akasema, “Pole na msiba,” akafunga mlango.

Wenzangu, nilipokaa mle ndipo nilipoanza kulijibu swali lenu. Nilitaka kumlaani yule mkubwa, na nilianza vizuri. Lakini mahabusu huna la kutazama ila ukuta, na ukuta ule ulinikumbusha mwingine. Ofisi yangu ya kijiji ilikuwa na stoo. Katika miaka yangu niliwahi kuingiza humo watu kumi na mmoja, wengi kwa kutokuja kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Hakuna sheria iliyoniruhusu. Hakuna aliyenituma. Sikuwa na magari wala mpiga picha. Nilikuwa na mhuri na ufunguo.

Mmoja wa hao kumi na mmoja ni Mwita. Siku ya kuchimba msingi wa darasa nilimkuta njiani anaelekea upande mwingine. Akaniambia mtoto ana homa, anafuata dawa. Nikasema visingizio nimevichoka. Nikamfungia stoo asubuhi, kati ya mifuko ya saruji, nikaenda kusimamia kazi, nikaenda nyumbani kula, Bhoke akanipikia, nikajilaza. Nilimkumbuka jua likiwa linashuka. Nilipofungua, alikuwa amekaa, nguo nyeupe kwa saruji. Alinipita akaenda zake kufuata dawa. Mtoto alipona, lakini si kwa sababu yangu. Tangu siku ile Mwita hakuwahi kulitaja, nami nikajifanya ukimya wake ni msamaha. Bhoke ndiye aliyeniambia, si mara moja, niende nikamwombe radhi. Nilimjibu kwamba mtendaji akianza kuomba radhi hakuna atakayemtii.

Jumamosi alasiri nikaachiwa. Nilitegemea kukuta uwanja mtupu, maana kwetu siku ya pili baada ya maziko familia hunyolewa nywele, kisha turubai linashushwa na kila mtu anarudi shambani kwake. Nikakuta turubai limesimama. Majembe bado yameegemezwa ukutani. Wanangu wana nywele zao, Ghati ana zake. Mama mkwe, nikaambiwa, bado yuko kwenye kochi la Mheshimiwa.

“Mbona hamjanyoa?” nikauliza.

“Tumnyoe nani, na mwenye msiba hayupo?” Ghati akasema. “Kaa hapo.”

Kulikuwa na kigoda, na beseni la maji. Wazee walikuwa wameshampa mtu wembe. Alikuwa Mwita. Alikuwa anaulowesha, hanitazami.

Nikakaa. Akasimama nyuma yangu, akaweka mkono wake wa kushoto kichwani kwangu. Ulikuwa mzito.

“Mwita,” nikasema, “ile siku ya stoo…”

“Inamisha kichwa, mtendaji.”

“Nataka kwanza niseme.”

“Utasema ukiwa umeinama.”

Nikainama, nikasema.